Fotei ya PDG inaniua mabega

Jambo Yaya, mkubwa wangu,

Nakuandikia usiku, watoto wamelala, maana mchana siwezi kusema jambo hili mbele ya baba yao. Mimi ni komtable, mhasibu. Zamani nilikuwa na biro, yaani ofisi, mjini, lakini kampuni ikapunguza watu, na toka mwaka jana nafanyia kazi nyumbani, hapa Kampemba, Lubumbashi. Nashika vitabu vya maduka mawili ya dawa, bulanjeri moja ya mikate, na kampuni ndogo inayopitisha malori mpakani Kasumbalesa. Kazi ipo, namshukuru Mungu. Mwisho wa mwezi nakaa mbele ya laptopu kuanzia asubuhi mpaka saa nne za usiku, nanyanyuka tu kwa ajili ya sufuria au mtu akigonga mlango.

Biro yangu ni meza ya salamanje, tunapokulia. Ni meza nzuri, ya mbao nzito ya mulombwa, mama mkwe alitupa siku ya ndoa. Mwanzo nilikuwa nakalia viti vyake vya mbao, kiuno kikauma mpaka nikawa nashindwa kufunga viatu. Bwana yangu akanihurumia. Siku yangu ya kuzaliwa akafika na pikapu, juu yake fotei nyeusi ya ngozi, kubwa, ya magurudumu, mgongo wake unapita kichwa changu. Alilipa dola mia tatu na kitu. Majirani walikuja kuitazama. Watoto wanaiita fotei ya PDG, yaani ya mkurugenzi mkuu.

Yaya, nitasemaje? Toka ije, maumivu yamehama tu. Kiuno kimepungua kidogo, lakini shingo na mabega yanawaka, hasa upande wa kulia, na jioni miguu inakufa ganzi na kuvimba. Nikiegemea nyuma, mikono haifiki kwenye kibodi. Nikisogea mbele, nakaa kwenye ukingo kama mgeni aliyekuja kudai deni.

Yeye mwenyewe anaipenda. Mazembe ikicheza anaivuta mbele ya televisheni na hatoki hapo. Ni mrefu, ana mita 1.84. Mimi nina 1.56. Niliazima mita ya fundi nikapima, labda itakusaidia: uso wa meza uko sentimita 77 kutoka chini. Fotei nikiishusha mpaka mwisho, pa kukalia ni 47. Kutoka ukingo wa mbele mpaka kwenye mgongo wa fotei ni 54.

Shemeji yangu aliye mgodini Kolwezi anasema niachane na mambo ya viti, ninunue meza ya umeme inayopanda na kushuka, nifanye kazi nimesimama. Rafiki yangu naye anasema nitafute kiti cha wachezaji wa gemu, kile chekundu na cheusi. Pesa sina nyingi. Na sijui nimwambieje bwana yangu kwamba zawadi yake inaniumiza. Nifanye nini?

Mama Komtable, Kampemba

JIBU

Mdogo wangu,

Wengi wanaoniuliza habari za viti huniandikia bei na rangi. Wewe umeleta vipimo, Mungu akubariki, kwa sababu jibu lote limo humo.

Mtu wa mita 1.56 akikaa, miguu imekanyaga chini vizuri, kutoka sakafuni mpaka nyuma ya goti pale linapokunjika huwa na sentimita 38 hivi. Akivaa sandali, 40. Kutoka anapokalia mpaka kwenye kiwiko, mkono ukiwa umelegea na kukunjwa mbele, ni 22 au 23. Jumlisha mwenyewe, wewe ndiye komtable: kiwiko chako kinataka meza ya 62 au 63. Ya mama mkwe ina 77. Hata ukipanda kwenye fotei yenye 47, kiwiko kinafika 69 au 70, na meza bado inakuzidi kwa sentimita 7. Ili uguse kibodi inabidi uinue mabega, kisha uyashikilie hapo juu saa baada ya saa. Misuli inayofanya kazi hiyo ndiyo ile inayopanda shingoni, na ndiyo inayowaka.

Kwa hiyo mshtakiwa wa kwanza ni meza. Hata ungeletewa kiti cha dola elfu, ukikiweka mbele ya meza hiyo mabega yangeendelea kuuma. Na usidhani ni kosa la mama mkwe: meza za biro za Ulaya zisizobadilika urefu huwa na 74 hivi, nazo pia ni za mtu anayekuzidi.

Fotei ni mshtakiwa wa pili. Paja lako, kutoka makalioni mpaka nyuma ya goti, lina 45 hivi. Kiti kinachokufaa kinaacha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya ukingo wake na goti, yaani kina chake kiwe 40 hadi 42. Hiyo yenu ina 54. Ukirudi nyuma hadi mgongo uguse, ukingo unakubana nyuma ya magoti na miguu inaning'inia, sakafu iko sentimita 7 chini ya nyayo. Damu hairudi vizuri, neva zinabanwa, na jioni unapata ganzi na uvimbe. Ukisogea mbele, mgongo wote wa fotei unabaki nyuma huko bila kazi. Tena kile kivimbe kilichotengenezwa ili kijaze kishimo cha kiuno, kwako labda kinasukuma mbavu.

Sasa mkalishe bwana yako humo. Kwa mtu wa 1.84, urefu wa 47 ni wake kabisa. Kina cha 54 kimemzidi hata yeye kidogo, lakini yeye anaegemea kutazama mpira, haandiki. Fotei si mbaya. Si ya mwili wako, basi. Wanaotengeneza viti wanalijua hili: kile kiti cha Aeron cha kampuni ya Marekani ya Herman Miller, kilichotoka mwaka 1994 na ambacho mpaka leo ni ghali, hutengenezwa kwa saizi tatu, A, B na C. Hizi fotei za PDG huja kwa saizi moja, na saizi hiyo ni ya PDG mwanaume, mrefu, mwenye sekretere anayemwandikia.

Hapo ndipo maneno ya kumwambia bwana yako yanapatikana. Usianze na maumivu, na neno "zawadi" usiliguse. Chagua saa ambayo ametulia, ukae kwenye fotei mbele yake, mwambie apitishe ngumi kati ya kiuno chako na mgongo wa fotei. Itapita na nafasi itabaki. Mwonyeshe miguu inavyoning'inia. Kisha akae yeye. Mwanaume aliyetumia dola mia tatu hapendi kusikia kwamba alinunua vibaya, na kweli hakununua vibaya: alinunua fotei yake mwenyewe bila kujua. Mwachie, iwe yake rasmi, mbele ya televisheni. Nadhani hatabisha sana.

Wakati pesa inatafutwa, kuna la kufanya usiku huu huu. Kwa kuwa meza haiwezi kushuka, wewe panda. Pandisha fotei mpaka kiwiko kilingane na uso wa meza. Pa kukalia patakuwa kwenye 54 au 55. Ikigoma kufika huko, ongeza mto mgumu. Chini, laza ubao juu ya briki mbili za simenti za sentimita 15, miguu ikanyage hapo yote, kisigino na vidole. Nyuma ya kiuno weka mto mwingine mnene, kama sentimita 12 hadi 14, ili upate pa kuegemea bila kurudi mpaka mwisho. Kama mapaja yatagonga ile mbao inayozunguka chini ya uso wa meza, na meza nyingi za kulia zinayo, basi meza hiyo imekushinda, usijilazimishe.

Dawa yenyewe ni kutengenezesha meza yako ndogo. Usithubutu kupeleka msumeno kwenye miguu ya meza ya mama mkwe, utaanzisha kesi isiyo na hakimu. Nenda kwa fundi mbao wa karibu, au kwa sudeli, fundi wa kuchomea vyuma, akuungie fremu ya chuma cha mraba kisha juu uweke ubao. Haihitaji mulombwa. Mwambie 63 kutoka sakafuni mpaka juu, ubao ukiwa ndani ya hesabu, si 63 kisha ubao. Hapo mafundi hukosea kila siku. Upana 120 unakutosha na makaratasi yako. Kina kisipungue 60, na 70 ni bora. Ukingo wa mbele aupige randa uwe wa mviringo, kwa sababu ukingo mkali hukata mkono pale kifundo kinapolalia.

Na droo asiweke. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu fundi wa kwetu hawezi kuona meza ya biro bila kuitobolea droo katikati, na mteja naye anafurahi. Piga hesabu: unakaa kwenye 40, paja lina unene wa 14 hivi, tayari uko 54. Meza ya 63 yenye ubao wa sentimita 2 inakuachia 61 chini yake. Nafasi ipo. Weka droo ya sentimita 10 na nafasi imekwisha, magoti yanagonga, unaanza kukaa upande upande, na kiuno kinarudi kuuma. Akitaka kukutengenezea droo, atengeneze kisanduku cha pembeni kinachosimama peke yake. Vilevile asipitishe mbao ya kukaza miguu ya meza upande wa mbele; aipitishe nyuma. Atakuambia, mama, hii ni meza ya watoto wa shule. Mwache aseme.

Kiti sasa. Unachohitaji ni kile ambacho hakuna anayekitazama dukani: kiti kidogo cha sekretere, cha kitambaa, mgongo mfupi. Kishuke mpaka 40 au karibu yake. Vingi huishia 42 au 43, na hapo kijibao chembamba chini ya miguu kinamaliza tofauti. Mgongo wake uwe unapanda na kushuka, ili kile kivimbe ukiweke kwenye usawa wa mkanda. Miguu ya chini iwe mitano. Yenye minne hupinduka ukiinama kuokota kalamu. Mikono ya kiti, bora isiwepo kabisa kuliko iwe inagonga meza na kukuzuia kusogea karibu. Kitambaa nakipendelea kwa sababu ya Oktoba yetu. Joto lile la kabla ya mvua, juu ya ngozi bandia, unakaa kwenye jasho, na baada ya muda ngozi yenyewe inaanza kuchubuka vipande vipande na kushika nguo.

Usinunue kilicho ndani ya katoni kabla hujakalia mfano wake. Wenye maduka hawapendi mtu anayekaa dakika ishirini, wewe kaa tu, toa simu ujibu ujumbe wako. Bonyeza sponji kwa ngumi: ukisikia ubao chini, sponji hiyo haifiki Krismasi.

Vile vya okazyoni kutoka Ulaya nisingevidharau. Kiti cha biro kilichotumika miaka kadhaa Ubelgiji mara nyingi kimeundwa vizuri kuliko kipya cha bei rahisi. Kipindue, utafute karatasi iliyobandikwa chini: ukiona EN 1335, hicho ni kiwango cha ubora cha Ulaya cha viti vya biro. Kisha kipandishe, ukae juu yake ukiendelea kuzungumza bei. Kama kinashuka polepole chenyewe, pistoni yake imechoka; inabadilishwa, lakini bei nayo ishuke. Na pistoni ikichoka nyumbani, usimpe sudeli aichomee. Ndani yake kuna naitrojeni iliyoshindiliwa, na moto juu ya gesi iliyofungwa hivyo unaweza kuua mtu. Kata kipande cha bomba la plastiki la maji, kipasue upande mmoja, ukivishe kwenye ile fimbo inayong'aa. Kiti kitabaki kwenye urefu wako. Hakitapanda wala kushuka tena, lakini wewe huhitaji kibadilike.

Kiti cha gemu mwachie rafiki yako. Umbo lake limetoka kwenye viti vya magari ya mashindano. Yale mabawa ya pembeni ni ya kumshika dereva asitupwe kwenye kona. Kwenye komtabilite hakuna kona. Vingi pia ni virefu na vya kina, utarudi pale pale.

Shemeji ana nusu ya haki. Kukaa bila kuondoka kunachosha mgongo hata kwenye kiti kizuri. Ila kusimama siku nzima nako kuna bei yake, kwenye nyayo na kwenye mishipa ya miguu. Waulize wanaouza dukani. Alan Hedge, aliyekuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alipendekeza kila nusu saa igawanywe hivi: dakika 20 kukaa, 8 kusimama, 2 kutembea tembea. Kwa hilo huhitaji mota. Tafuta kabati lenye urefu wa karibu mita moja, simu zote za wateja uzipokee hapo, na risiti uzipange hapo. Meza ya umeme ni nzuri kwa mwenye pesa, lakini kwa hali ya umeme wa Kampemba ninayoijua, siku moja itakuacha umesimama mpaka usiku.

Tena ukikaa, usijilazimishe kukaa wima kabisa kama tulivyofundishwa shuleni. Miaka ya 1960 daktari Alf Nachemson wa Uswidi aliingiza sindano yenye kipimo ndani ya diski za uti wa mgongo za watu hai, akaona kwamba kukaa bila kuegemea kunazibana kuliko kusimama. Vipimo vya waliomfuata vilipunguza tofauti hiyo, lakini faida ya kuegemea ilibaki. Mgongo wa kiti uulaze nyuma kidogo tu, uache ukubebe.

Sasa habari ya bega lako la kulia. Nadhani laptopu yako unaiandikia moja kwa moja, kipanya kiko pembeni. Skrini na kibodi vikiwa vimeungana, kimoja lazima kiwe mahali pabaya. Ipandishe laptopu mpaka ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, au chini yake kidogo. Kwenye meza mpya ni kama sentimita 25, sawa na rame tano za karatasi, nawe unazo. Ikae umbali wa mkono ulionyooshwa, dirisha likiwa pembeni yako, si nyuma ya skrini wala nyuma ya kichwa. Kama unavaa miwani ya sehemu mbili, punguza rame moja au mbili, vinginevyo utaanza kuinua kidevu.

Halafu nunua kibodi ya nje, na hapa komtable ana shida yake peke yake. Kibodi pana yenye namba upande wa kulia inasukuma kipanya mbali, mkono unakaa umetanuka nje siku nzima, bega linalipa. Kibodi fupi isiyo na namba inakileta kipanya karibu, lakini kwenye AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa tunaoutumia, kila tarakimu ya safu ya juu inadai ubonyeze kitufe cha herufi kubwa. Vitabu vya maduka mawili ya dawa kwa njia hiyo utavichukia. Basi chukua kibodi fupi, na kando kile kikibodi kidogo cha namba tupu, ukiweke kushoto. Mkono wa kushoto utajifunza. Uangalie tu usiuziwe QWERTY, ule mpangilio wa Kiingereza. Nyingi zinazopandia Afrika Kusini ni hizo.

Uvimbe na ganzi nimevieleza kwa kiti, na ukianza kukanyaga chini vizuri vinatakiwa kupungua upesi. Visipopungua, au maumivu yakishuka kupita goti, au mguu ukakosa nguvu, nenda hospitali ya Sendwe au Cliniques Universitaires, daktari akuone, huenda akakupeleka kwa kinezi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mguu mmoja tu ukivimba, ukawa wa moto na unauma, au ukishindwa kuzuia mkojo, usingoje asubuhi.

Ukipanga pesa, agiza meza kwanza, kisha kibodi mbili, kiti mwisho. Katikati hapo kiti kimojawapo cha mbao cha salamanje, ukiweka mto mgumu nyuma na ubao mwembamba chini ya miguu, kitakushikilia vizuri mbele ya meza mpya kuliko fotei. Fundi mpe nusu. Siku ya kuchukua meza nenda na mita, nenda na kiti utakachokalia, ukae pale pale kwenye atelie yake, uweke mikono juu ya ubao kama unaandika, kabla hujampa iliyobaki.

Yaya